Klaksoni Mara Tatu

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa kumi na mbili na robo. Nimefungua lango la lupango wetu, yaani ua wenye ukuta, kama kila asubuhi, nimetoka hadi barabarani, nimesimama kuangalia pikipiki zinazopita. Papa amerudisha motokari nyuma taratibu. Ninampungia mkono: njoo, njoo, simama, njoo. Vumbi jekundu kwenye soksi nyeupe. Kila siku.

Motokari ilitoka Japani, usukani uko kulia. Ukiweka gia ya nyuma, mwanamke asiyeonekana anasema maneno ya Kijapani. Zamani kioo kidogo karibu na redio kilionyesha kilichoko nyuma. Siku hizi kinaonyesha rangi ya buluu tu. Nadine, mdogo wangu wa miaka minane, anamwiga yule mwanamke vizuri sana. Leo alimuuliza Papa maana yake.

"Anasema: Papa Solange, uko chauffeur muzuri kupita bote."

Solange ni mimi. Mama alicheka hadi akasimamisha cherehani.

Jioni Papa alipiga klaksoni, yaani honi, langoni, mara mbili. Kambo aliacha ugali akakimbia. Huyo ndiye mdogo wetu wa mwisho, ana miaka miwili na miezi minne. Jina lake ni Banza, kama marehemu baba yake Papa, kwa hiyo tunamwita Kambo, yaani babu. Hakuna anayemchapa. Papa anasema mtu hachapi baba yake. Kambo analijua hilo na anafanya anachotaka.

Papa humpokea langoni, humpakata, humwacha ashike usukani mpaka chini ya mparachichi. Hatua ishirini tu. Kambo anaamini ni yeye anayeendesha. Anapiga kelele za furaha, mate yanamtoka.

Kesho historia, mtihani wa kusimama mbele na kujibu kwa mdomo. Najua kila kitu. Naogopa kila kitu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mtoto amekufa, avenyu ya tatu kutoka kwetu. Msichana wa miaka mitatu. Baba yake alikuwa anatoa motokari kwenye lupango. Alirudi nyuma. Hakumwona.

Naandika sentensi fupi.

Mama amekwenda kwenye msiba na wanawake wa jumuiya. Kabla hajaondoka, Mama Chantal, anayemletea Mama vitambaa vya kushona, alisimama kwenye baraza akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Alimutoa. Motokari mupya, nyumba mupya. Unazania vinatokaka wapi?"

"Mama Chantal, batoto banasikia."

"Basikie. Na bo bajue bantu."

Maana yake: yule baba alimtoa mtoto wake kwa wachawi ili awe tajiri. Wote wanasema hivyo. Kwenye bomba la maji, kwenye duka la mkate, hata darasani. Mimi nilitaka kujua mtoto alikuwa wapi kabla. Alitoka mlango gani. Nani alikuwa naye. Hakuna aliyeuliza.

Mtihani wa historia jana: nilisahau kuandika hapa. Nilijibu kwa sauti ndogo mno, mwalimu akasema nilikuwa naongea na viatu vyangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Papa alikula tonge mbili tu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, hurudi na macho mekundu, lakini leo yalikuwa mekundu zaidi. Anamfahamu yule baba. Waliwahi kufanya kazi pamoja zamani.

Halafu akatangaza mambo mawili. La kwanza, Jumapili Padri atabariki motokari. La pili, kuanzia kesho, kabla ya kurudi nyuma atapiga klaksoni mara tatu. Kila mtu asikie. Kila mtu ajiondoe.

"Mara tatu. Nani asikuwe anasikia mara tatu?"

Mama alisema amina kama vile yuko kanisani. Mimi pia nilijisikia mwepesi. Nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa Padri alizunguka motokari na maji ya baraka. Milango minne, magurudumu manne, boneti. Jua kali, maji yalikauka kabla hajamaliza. Kambo alitaka naye amwagiwe. Padri alimwagia, akacheka.

Papa aliendesha kurudi nyumbani kwa mkono mmoja. Sijamwona hivyo wiki nzima.

Jumanne, 21 Oktoba

Lazima niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganya.

Nilifungua lango. Nilisimama barabarani. Mgongo wangu ulikuwa upande wa nyumba, kwa sababu kulikuwa na lori la mchanga linakuja. Papa alipiga klaksoni mara tatu. Nikasikia kandambili. Pa, pa, pa, pa. Nikageuka.

Kambo alikuwa katikati, kati ya motokari na mimi. Mikono juu. Anacheka. Taa nyeupe za nyuma zilikuwa zimewaka na yule mwanamke wa Kijapani alikuwa anaongea.

Nilitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Nataka kuliandika hili wazi: mdogo wangu alikuwa anakaribia kufa na mimi sikuweza kusema hata neno moja.

Miguu ilikwenda yenyewe. Nilimvuta kwa shati, nikagonga motokari kwa kiganja. Papa alikanyaga breki. Kulikuwa na nafasi ya kuweka madaftari mawili, labda matatu.

Papa alitoka, alipomwona Kambo mikononi mwangu akawa wa rangi ya majivu. Halafu akaanza kupiga kelele. Kwa Mama, kwa Nadine, kwangu.

"Shi nilipiga klaksoni? Mara tatu! Juu ya nini hamukumushika?"

Mama alikuwa analia na pini za kushonea bado ziko mdomoni. Kambo alikuwa anaomba apande.

Papa aliendesha hadi karibu na shule. Halafu akasema: "Umeona? Maji ya Padri iko na nguvu." Na kesho atapiga klaksoni kwa nguvu zaidi.

Nilisema ndiyo, Papa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kuna kitu kinanisumbua. Kambo hakuwa anacheza nyuma ya motokari. Nilipofungua lango alikuwa kwenye baraza na uji wake. Alikimbia BAADA ya klaksoni.

Leo Papa alikwenda kazini na gari la kampuni. Motokari ilibaki chini ya mparachichi. Nilichukua ndoo mbili nikaziweka moja juu ya nyingine nyuma ya motokari. Urefu wake ni sawa na Kambo, nilimpima. Nikakaa kwenye kiti cha Papa. Kioo cha kulia: hakuna ndoo. Kioo cha kushoto: hakuna. Kioo cha katikati: lango, barabara, mbwa wa jirani. Hakuna ndoo. Nikatoka, nikazisogeza hatua moja. Nikarudi. Hatua mbili. Tatu. Kwenye hatua ya saba ndipo nikaona ukingo wa ndoo ya juu.

Nadine alidhani ninacheza. Akaomba zamu.

Halafu nilihesabu kutoka barazani hadi lango kwa mbio za Kambo. Sekunde sita. Njia yake inapita palepale ambapo ndoo hazionekani.

Sasa naelewa, na ningependa nisielewe. Kwa Kambo klaksoni haina maana ya jiondoe. Ina maana ya Papa amefika langoni, njoo upakatwe. Tumemfundisha hivyo kila jioni tangu aanze kutembea. Papa anapiga klaksoni ili mtoto akae mbali, na mtoto anakuja mbio. Akipiga kwa nguvu zaidi, Kambo atakimbia zaidi.

Na mimi, mlinzi wa lango, nalinda pikipiki.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwambia Mama. Alisimamisha cherehani akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hutokea mara chache. Aliniuliza mara mbili kuhusu ndoo.

"Ambia papa yako."

"Mama, umwambie wewe."

"Mi alisha kunilalamikia. Atawaza ninajitetea." Halafu akashusha sauti. "Lakini uangalie vile utasema. Siku hizi bantu banasema mambo."

Asubuhi anamfunga Kambo mgongoni kwa kitenge. Lakini akianza kukata kitambaa humweka chini. Na Kambo anajua kuteleza kama sabuni.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimejaribu kumwambia Papa mara tatu. Njiani kwenda kanisani. Kwenye chakula. Alipokuwa anasikiliza mpira redioni. Kila mara nilifungua mdomo, akanitazama, nikauliza kitu kingine. Mara ya tatu nilimuuliza matokeo ya mechi. Mimi sijui hata timu zilizokuwa zinacheza.

Kuandika ninaweza. Nimeandika barua. Kwa Kifaransa, ili ionekane ya maana, na kwa heshima: mpendwa Papa, nakuomba usipige tena klaksoni ukiwa ndani ya lupango. Nimechora motokari, ndoo, hatua saba. Nimeandika mwishoni, kwa Kiswahili: sitaki umuue Kambo.

Nitaiweka kwenye usukani kesho mapema.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimekosea. Nimekosea vibaya sana.

Aliisoma amesimama kando ya motokari. Aliisoma mara mbili. Nilitegemea hasira, ningeivumilia. Lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa.

"Mu nyumba yangu, mutoto ananiandikia barua kama mi niko biro ya serikali?"

Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"'Umuue.' Uliandika 'umuue'. Weye pia unasema vile bo banasema? Unaona mi niko kama ule muntu? Miye nitoe baba yangu?"

Baba yake, yaani Kambo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Wiki mbili mtaa mzima unasema kwamba baba anayemkanyaga mtoto wake amemuuza. Na mimi nimemwandikia baba yangu kwamba atamkanyaga mtoto wake. Nilimaanisha vioo. Yeye alisoma uchawi.

Aliikunja barua mara nne akaitia mfukoni. Akapiga klaksoni mara tatu, ndefu. Mama alikuwa amemshika Kambo kwa nguvu. Kambo alilia na kumpiga Mama kifuani ili amwachie.

Jumanne, 28 Oktoba

Papa ameondoka bila mimi. Alifungua lango mwenyewe. Nimepanda basi dogo la njano. Nimefika kengele imeshalia.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Kila mtu darasani alifurahi. Mimi niliwaza matope tu, na breki.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku tatu haniongeleshi. Anamwambia Nadine, "Uambie yaya yako anipatie chumvi." Yaya, yaani dada mkubwa, ni mimi, na nimekaa mkono mmoja kutoka kwake. Nadine anarudia neno kwa neno kama mkalimani: "Yaya, Papa anasema umupatie chumvi." Siku nyingine tungecheka.

Siondoki nyumbani mpaka motokari itoke. Namshika Kambo jikoni, mlango umefungwa, na ninasikia moyo wake unavyodunda klaksoni ikilia. Halafu nakimbia kwenye basi. Nimechelewa siku tatu mfululizo. Sista msimamizi ameniuliza sababu mbele ya wote. Nilitazama viatu vyangu. Adhabu: kufagia ukumbi mpaka wiki iishe.

Nafagia. Sijali. Lakini kutakuwa na siku ya homa, siku ya mtihani wa mapema, siku Mama yuko sokoni. Siwezi kumshika kila asubuhi mpaka awe mkubwa. Naogopa asubuhi. Naogopa nikiamka kabla hata sijakumbuka ninaogopa nini.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Baada ya misa Papa alianza kuosha motokari chini ya mparachichi. Mama kwenye baraza anapunguza nguo ya Nadine. Kambo miguuni pake na mfuniko wa sufuria.

Papa alikwenda kwenye bomba, pembeni ya jiko, kujaza ndoo. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Ufunguo uko mfukoni mwake, nilihakikisha.

Sikupanga. Kama ningepanga nisingeweza. Nilikaa kwenye kiti chake nikabonyeza klaksoni mara tatu, ndefu, kama yeye.

Kambo alitupa mfuniko. Alishuka ngazi ya baraza kwa makalio, akainuka, akakimbia. Alipita mbele ya bomba. Alipita karibu kabisa na Papa, maji yakamrukia. Papa akamwita, "Kambo!" Kambo hakugeuka. Alimpita baba yake mzazi kwenda kumpokea langoni. Akafika nyuma ya motokari, akasimama palepale, uso kwenye lango lililofungwa, mikono juu. Akasubiri.

Papa aliacha ndoo ifurike.

Nilitoka. Nilidhani atanipiga. Alimbeba Kambo, akamrudisha barazani, akaniambia bila kunitazama:

"Piga tena."

Maneno ya kwanza tangu Jumatatu. Nikapiga. Kambo akakimbia, akasimama palepale. Mikono juu.

"Mama Solange, umushike. Nikikupungia mukono, umuachilie."

Safari hii Papa alikaa kwenye kiti mwenyewe. Alimpungia Mama mkono. Akapiga klaksoni. Mimi nilisimama kando, nikamwona akitazama kioo cha kulia, cha kushoto, cha katikati. Kambo alikuwa tayari nyuma yake, anaita, "Papa! Papa!" Papa akatazama tena vioo vyote vitatu, pole pole. Halafu akaweka kichwa kwenye usukani. Klaksoni ikalia yenyewe kwa uzito wa paji la uso wake na Kambo akaruka kwa furaha.

Alikaa humo muda mrefu. Nadine hakuongea hata Kijapani. Papa alipotoka alisema, "Shikumuona." Akasema tena, kwa Mama, kisha kwangu. "Shikumuona hata kidogo. Ni miye njo nilimufundisha, na shikumuona."

Akatoa barua mfukoni. Bado alikuwa nayo. Akaniuliza hatua saba zinaanzia wapi, kwenye bampa au kwenye gurudumu.

"Kwenye bampa, Papa," nilisema. Alinisikia mara ya kwanza.

Jumapili, 2 Novemba

Papa alivaa shati jeupe akaenda kwa miguu avenyu ya tatu, kwa yule baba. Mama alimuuliza kama anajua watu watasema nini. Alijibu, "Baseme."

Alirudi baada ya muda wa saa tatu. Alisema yule baba ameketi peke yake uani, viti vya msiba vimeondolewa, hakuna anayekuja. Alisema: "Na yeye alipiga klaksoni."

Hakula.

Jumatano, 5 Novemba

Jana Papa alileta vyuma vya kazini, leo amechomelea mlango mdogo kwenye ngazi ya baraza. Komeo liko juu, Nadine mwenyewe analifikia kwa shida. Mama analalamika anagonga goti kila anapopita. Amelalamika mara tano. Haufungui hata mara moja bila kuufunga.

Jioni Papa hapigi klaksoni langoni. Anapiga simu, Mama anamshika Kambo, mimi nafungua. Anaingiza motokari kinyumenyume ili asubuhi itoke ikitazama mbele. Mimi nasimama ndani sasa, siyo barabarani. Na hakuna tena kupakatwa kwenye usukani. Hilo Papa aliliondoa mwenyewe, na nadhani limemuuma kuliko Kambo.

Kambo amekasirika. Siku mbili hataki kumbusu Papa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua ya asubuhi, nyembamba. Papa alizunguka motokari akitembea, mkono juu ya bati, kama anavyopapasa chuma kutafuta ufa. Aliinama akatazama chini. Nadine aliingia. Mimi niliingia.

Kambo alikuwa mgongoni kwa Mama, nyuma ya mlango mdogo, anatuona tunaondoka bila yeye. Akaanza kulia. Alilia kwa nguvu zote, mdomo wazi, hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. Nadine akaziba masikio.

"Papa, twende! Anapiga makelele!"

Papa hakuwasha. Alishusha kioo chake na mvua ikamlowesha bega. Alisikiliza kidogo.

"Acha alie," alisema. "Saa hii minajua kwenye Kambo iko."

Akawasha motokari. Tulimsikia mpaka kwenye kona.